Kopo la Mwani Lililotoka Sori

KITUO CHA POLISI, MIGORI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Filister Awuor Odoyo
Umri: Miaka 46
Kazi: Mkulima wa mwani, msimamizi wa bwawa la kikundi cha akina mama
Makao: Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay
Tarehe: 8 Agosti 2025, saa tano asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina lililo hapo juu. Nazungumza kwa hiari yangu. Nina hasira, na nimemwambia afisa aiandike hata hiyo hasira.

Kikundi chetu kinakuza mwani unaoitwa spirulina katika bwawa la maji ya magadi. Tunauchuja kwa kitambaa, tunaukausha na kuusaga. Mwingi unachukuliwa na maabara moja ya Kisumu. Wanatoa ndani yake rangi ya buluu na kuifanyia utafiti wa dawa ya uvimbe. Unaobaki unatiwa kwenye makopo kwa ajili ya watu waliopungukiwa damu. Kazi ya kupakia na kusambaza makopo hapa Migori tulimpa Jared Onditi, mzaliwa wa Sori, kando ya ziwa. Lebo nilimkabidhi mimi, na zina jina langu.

Mnamo tarehe 12 Julai, saa tatu asubuhi, Jared alikuja bwawani akachukua kilo mbili tu, kwa sababu baridi na mawingu yalikuwa yamepunguza mavuno. Kilo mbili zinajaza makopo ishirini, hayazidi. Nilimwambia hakuna mwingine hadi jua lirudi. Alicheka, akasema, "Mama, wewe usijali. Soko haitakosa kitu." Sikumuuliza kitu gani. Nilipaswa kumuuliza.

Mnamo tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi, nilifika mtaa wa Oruba, hapa Migori, kwa mdogo wangu, Emmaculate Atieno, fundi wa cherehani. Alikuwa na upungufu wa damu tangu alipofanyiwa upasuaji mwezi wa Mei. Mezani palikuwa na kopo letu, amelinunua jana yake. Aliniambia, "Nyamera," yaani dada yangu, "hii inanuka. Siiwezi." Niliinusa. Ilikuwa na harufu ya nyasi zilizooza. Mwani wetu haunuki hivyo, na mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kuutambua kwa pua. Lakini niliona jina langu kwenye kopo, nikaiamini karatasi. Nilimwambia, "Hii ni yath. Ni yath gani umewahi kuona tamu?" Yath ni dawa kwa Kijaluo. Hata ya panya tunaiita yath. Nilimkorogea kwenye uji, akanywa kwa sababu ni mimi niliyesema. Kesho yake nikamkorogea tena.

Mnamo tarehe 4 Agosti alfajiri macho yake yalikuwa ya manjano. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ini limeumia, akauliza mgonjwa amekula nini. Nilirudi nyumbani kwake kulichukua kopo.

Mnamo tarehe 5 Agosti, saa nane mchana, nilipima unga wa kopo hilo kwa hadubini yetu ya bwawani. Mwani wetu umejikunja kama springi. Huo ulikuwa vitone vya mviringo vilivyoshikana. Ni ule utando wa kijani wenye sumu unaofunika ziwa ufukweni.

Mnamo tarehe 6 Agosti, saa saba mchana, nilikwenda Sori na mwenyekiti wetu, Millicent Adongo. Tulimkuta Jared akiuchota utando huo kwa beseni na kuuanika kwenye nyavu za kukaushia dagaa wa omena. Hakukimbia wala hakuona haya. Alisema, "Mama Filister, mwani ni mwani. Si zote ni kijani?" Angekuwa mgeni ningesema hakujua. Amezaliwa pale. Utando ukitanda, watu wa Sori hawachoti maji, na mbuzi wanafukuzwa ufukweni. Mbuzi wanahurumiwa, dada yangu anauziwa.

Jana jioni mjomba wa Jared alinijia hospitalini, akasema, "Hii ni mambo ya nyumbani, tukae chini tuongee." Nilimjibu kwamba Jared aje kwanza, anywe kopo zima nikimwangalia, ndipo tukae.

Leo asubuhi nimepita madukani hapa Migori nikaona makopo thelathini na moja yenye jina langu. Wenye maduka wamekataa kunipa, wanasema sina karatasi ya serikali. Leo ni Ijumaa. Naomba polisi wayakusanye leo, wasingoje Jumatatu. Kopo la Emmaculate nimelileta.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyatenda mwenyewe sijayaficha. Emmaculate yuko wodini, hanitambui.

Sahihi ya shahidi: F. A. Odoyo

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali kuwa ni sahihi. Nimepokea kopo moja kama kielelezo. Saa sita na dakika kumi, kabla hajatia sahihi, shahidi alipigiwa simu kutoka hospitalini. Baada ya kuisikiliza aliniomba nifute maneno "yuko wodini, hanitambui" na kuandika "amefariki". Nimeyakata kwa mstari, na sote wawili tumetia sahihi kando. Nilimpa kiti, hakukaa. Aliuliza gari la polisi la kwenda madukani linatoka saa ngapi.

Konstebo Zablon Mniko