Sogezeni Benchi, Mgeni Kafika

Tottenham, London
Jumapili mchana, baada ya misa

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Simu zangu hupokei tangu tulipomzika Mama. Samahani, tangu mlipomzika. Ndiyo maana nimeshika kalamu nikaipitisha barua hii kwenye sanduku la posta la parokia, maana najua barua ikitoka kwa padri utaipokea hata kama umenuna. Goti lako linaendeleaje? Wifi hajambo? Watoto wamerudi shule? Mimi mwili wangu mzima. Baridi imeanza kuuma, na bado nimepanga chumba kwa Mama Furaha, yule Mkongomani wa Bukavu anayefanya usafi maofisini. Karatasi hizi kanipa yeye. Kanikuta nimekaa jikoni na chai imepoa, akasema, "Andikia yeye, dada. Usibebe ile kitu mu roho." Basi nakuandikia. Ukitaka kuichana, ichane, lakini uisome kwanza mpaka mwisho.

Mzee wangu amefariki. Namsema yule Mmarekani niliyekuwa namtunza, Mzee Leland. Alifariki Alhamisi, na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Nimelia kuliko inavyompasa mtu wa kuajiriwa, na nimelia kwa sababu zaidi ya moja. Ndizo ninazotaka uzijue.

Nilipopelekwa kwake mara ya kwanza, ofisi ya watunza wazee iliniambia tu kwamba ni mzee wa miaka themanini na kitu, moyo mchovu, mguu mmoja hauna nguvu, na mdomo mkali. Mdomo alikuwa nao kweli. Siku hiyo ya kwanza nimeingia chumbani na sinia la uji wao wa huku, akanitazama, akasema, "Rudi. Umeingia haraka mno. Toka uingie tena." Nikatoka, nikaingia. "Bado. Umebeba chakula cha mgonjwa, usikimbie kama unakwepa mvua." Aliniingiza mlangoni mara tatu, kaka, uji ukapoa. Nikasema moyoni, huyu mzee hana akili nzuri.

Kumbe alikuwa mwongozaji wa filamu, na si wa mchezo. Vijana wa vyuo walikuwa wanakuja na madaftari, wanakaa kwenye zulia miguuni pake kama watoto wa mafundisho ya komunyo. Mimi namkata kucha, yeye anawasimulia. Alizaliwa katika mji mdogo wenye stesheni moja, baba yake fundi wa reli, mama yake mfua nguo. Alikuwa anafagia ukumbi wa sinema ili aachwe atazame bure. Alibeba nyaya za watu miaka kumi kabla hajaruhusiwa kugusa kamera. Filamu yake ya kwanza aliipiga kwa kamera ya kuazima, waigizaji wakiwa majirani zake. Nikamwuliza kijana mmoja, huyu babu amewafundisha nini hasa? Akaniambia kuwa zamani walikuwa wanakatisha picha harakaharaka, lakini Mzee aliiacha kamera juu ya uso wa mtu mpaka mtu huyo achoke kujifanya. Leo dunia nzima inafanya hivyo na wengi hawajui wamejifunza kwa nani.

Binti alikuwa naye mmoja tu, huko Marekani. Alipokuwa anakua, baba hakuwepo. Mzee aliniambia mwenyewe, siku namsugua mgongo: "Nyuso za waigizaji wangu wote nazikumbuka. Uso wa mwanangu akiwa na miaka saba siukumbuki." Nikaendelea kumsugua.

Sasa sikiliza. Mwaka jana, alasiri moja, vijana walileta filamu yake ya zamani wakaiweka kwenye luninga. Mimi niko nyuma napiga pasi, sina habari nao. Nikainua macho. Nikamwona mzee mwembamba kasimama stesheni, kashika koti la kike mkononi, anatazama reli. Nikasahau pasi juu ya shati la watu. Nikapiga kelele, "Mzee Kondo!"

Unamjua Mzee Kondo, kaka. Wewe ndiye uliyempa jina. Nikawaeleza wote pale. Nikawaambia nyumbani Morogoro, nyuma ya soko, kulikuwa na banda la video, na kaka yangu alikuwa anakaa pembeni na maiki, anaitia filamu Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, sauti ya baba yeye, sauti ya binti yeye, hata filimbi ya treni yeye. Nikawaambia mashine ilimeza mkanda wetu, kwa hiyo Mzee Kondo akishafika stesheni kumpokea binti yake zinabaki chenga tupu, lakini kaka yangu haachi kusema. "Treni inasimama. Anashuka mama na kuku wake, siye. Anashuka askari, siye. Anashuka mwenye kilemba, siye. Jamani, yule wa mwisho, aliyeondoka bila koti! Sogezeni benchi, mgeni kafika." Na watu wakasogea kweli, wakaacha nafasi katikati ya benchi, huku kwenye kioo hakuna kitu. Mama alikuwa anauza ubuyu mlangoni, filamu nzima haitazami, ila ukifika pale anaacha beseni lake, anaingia, anasogea na wenzake, analia, halafu anarudi kwenye ubuyu.

Nilidhani Mzee atafurahi. Alikasirika mpaka nikaogopa moyo wake. Kumbe binti kuja ndiko kulikomharibia maisha. Matajiri wenye filamu walitaka binti afike, watu watoke wamefurahi. Yeye akakataa. Wakamnyang'anya filamu, wakatafuta mwanamke mwingine, wakampiga picha mgongoni anamkumbatia baba, wakaibandika mwishoni. Aligombana nao, hakupewa tena kazi kubwa, akahamia huku London, akaishia kufundisha na kupiga vifilamu vidogo. "Nimepoteza kila kitu kwa dakika nne," akasema, "na kaka yako, bila hata kuwajua wale watu, akaenda kuwasaidia." Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka.

Walipoondoka akanionyesha zile dakika nne zake za mwisho, walizozikata. Alikuwa amezihifadhi. Treni inakuja, watu wanashuka, wanaisha. Mfagiaji anapita. Mzee Kondo anasubiri mpaka amebaki peke yake. Halafu analikunja lile koti, mkono mmoja, mkono wa pili, analiweka kwapani, anaondoka. Hakuna muziki. Halii.

Kaka, nilikimbilia bafuni, nikafungulia maji ili asinisikie. Maana sikumwona Mzee Kondo. Nilikuona wewe, uwanja wa ndege Dar es Salaam, na khanga yangu ya msiba mkononi.

Wifi alinipa habari hiyo. Aliniambia mlikata khanga za sare, na yangu ulikwenda nayo uwanjani nijifunge kabla sijafika nyumbani. Ulikaa pale mpaka ndege mbili zikashusha watu wote. Halafu ukaikunja ukarudi Morogoro.

Ukweli ni huu, sijawahi kuutoa mdomoni. Sikuwa njiani. Mjomba aliponipigia kwamba Mama hatunaye, pasipoti yangu ilikuwa imekaa uhamiaji pamoja na maombi ya kibali changu, na nikiondoka kabla ya jibu, kurudi hakuna. Nyumbani mlinijua nina makaratasi yote. Niliona aibu. Nikasema, "Nakuja, msizike." Nilidhani nitaiomba ile pasipoti wanirudishie siku ileile. Siku ya pili nikasema ndege imechelewa. Siku ya tatu nikasema niko Addis Ababa. Niko Addis Ababa, kaka, na mimi nimekaa kwenye kitanda hiki hiki Tottenham, nimevaa soksi. Mama akalazwa mochwari siku tano ananisubiri, kaburi limechimbwa, turubai limefungwa, Mjomba anasimama mbele ya watu kuwaambia wavumilie, mtoto yuko njiani. Mngeambiwa ukweli siku ya kwanza mngemzika Mama kwa heshima yake. Kutokuja pengine ungenisamehe. Kukusubirisha, sijui.

Basi mwezi uliopita Mzee akazidiwa. Binti yake akapigiwa simu, akasema anakuja. Kesho yake akasema keshokutwa. Kisha kazi, kisha ndege. Kila nikipokea ile simu, maneno yale nayajua, nimeyatumia yote. Mzee alikataa nimgeuze ukutani. Alitaka kuutazama mlango.

Alhamisi asubuhi nimemfuta uso, akanishika kiganja. Akasema, "Nisimulie ule mwisho wa kaka yako." Nikadhani nimesikia vibaya. Mtu aliyeuacha umaarufu wake wote kwa kuukataa ule mwisho! Nikaanza kwa Kiingereza, akatikisa kichwa. "Kwa lugha yenu. Kama alivyosema yeye."

Nikakaa kando ya kitanda nikausema kwa sauti yako. Filimbi ya treni nimeipiga, vibaya, unajua sina pumzi. Nikamshusha mama na kuku wake. Nikamshusha askari. Nikamshusha mwenye kilemba, taratibu, kama Mzee mwenyewe alivyonifundisha mlangoni, bila kukimbia. Nikasema, "Sogezeni benchi, mgeni kafika."

Akajisogeza. Hakujua neno la Kiswahili, lakini nilikuwa nimemweleza watu walivyokuwa wanafanya. Alijikokota kidogo upande wa ukuta, na ule mguu wake mbovu, akaacha nafasi kitandani. Saa sita mchana alikata roho akiwa palepale ukutani.

Binti alifika Jumamosi, na sanduku lake. Mama mtu mzima, mvi kichwani. Akaniuliza kama baba yake alimkasirikia. Nikamwambia, "Alikuachia nafasi," nikamwonyesha ni upande gani. Akakaa hapo, akajiinamia. Nilimpikia chai. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana ningemchukia kwa kosa gani ambalo mimi sina?

Kaka, kibali changu kilitoka mwezi uliopita. Pasipoti ninayo mezani hapa ninapoandikia. Nilikuwa nakosa mdomo wa kukuambia. Sikuambii niko njiani, neno hilo silitamki tena maishani, na siku sikutajii. Usije uwanjani. Usiniandalie kitu. Nitafika kwa miguu yangu, na nikifika naomba unipeleke kwa Mama kabla ya maji ya kunywa, kabla ya salamu. Yanayobaki utayasema wewe, na nitayasikiliza yote.

Msalimie wifi Yustina, aliyenifichia aibu yangu kwa watoto. Shikamoo kwa Mjomba Bonifasi. Mwambie nilimvunjia heshima mbele ya ukoo na nitakuja kupiga magoti mbele ya ukoo huohuo. Watoto waambie shangazi yao anawapenda. Msalimie jirani Kibwana aliyechimba kaburi. Na yule bibi aliyechukua nafasi ya Mama ya kuuza ubuyu, kama yupo, naye.

Ile khanga, kama hukuitupa, iache ilivyokunjwa. Nitaikunjua mwenyewe.

Siku utakapomwona mtu mlangoni, kaka, sikuombi unikaribishe. Sogeza benchi tu.

Mdogo wako,
Dafroza