Odell Mbele ya Bunduki Yangu

Maxine, uko wapi? Nusura nimpige mtu risasi.

Unakumbuka nilivyobishana na mume wangu Wendell tangu majirani waibiwe? Yeye alitaka bunduki ya nyumbani ifungwe darubini ya kulengea yenye nukta nyekundu ya betri, ili macho yabaki kwa mtu mwenyewe. Mimi nikamwambia, "Baba yangu alilenga kwa vile vyuma vya juu ya mtutu maisha yake yote. Betri ya nini?" Nikashinda.

Asubuhi hii Wendell yuko zizini, nasikia mlango wa jikoni unafunguliwa. Nikachukua bunduki. Mwanamume kasimama karibu na friji. Nikalenga kama baba alivyonifundisha, jicho kwenye kile chuma cha mbele. Shoga, ukikikazia macho kile chuma, mtu mwenyewe anakuwa kama ukungu. Sikuona uso. Sikuona uso kabisa!

Nikapiga kelele, "Mikono juu!"

Akasema, "Loretta, mmeficha wapi kahawa?"

Odell! Jirani yetu Odell, na kumbukumbu zake zinazompotea. Kavaa nguo za kulalia. Kidole changu kilikuwa kwenye triga, Maxine. Kwenye triga!

Wendell alipoingia nikamwambia, "Ifunge hiyo darubini yako leo leo."

Hata hakunicheka. Akasema, "Nitaifunga, mpenzi. Lakini kilichomwokoa Odell ni huo mdomo wako."

Odell yuko mezani, kikombe cha pili. Ameniuliza mara tatu kwa nini nalia.