Wimbo Niliomwimbia Mama Mkwe Kiwanjani

Mubi, Walikale

Mama yangu kipenzi,

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Uganda? Na Papa, bado anakohoa asubuhi? Niambieni ukweli, msinifiche kwa sababu niko mbali. Mimi ni mzima, tena nimenenepa, na Bahati wangu ni mzima. Mama, sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi! Akirudi kutoka shuleni anakofundisha, viatu vimejaa tope, ananiita jina langu tangu barabarani, mpaka wenye maduka wanamcheka mwalimu wao. "Maître, bibi yako hajapotea!" Naye anaita tena, kwa nguvu zaidi.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja: mama yake. Kwa ukoo wao, bibi arusi hapazi sauti mbele ya mama mkwe mpaka mama mkwe mwenyewe aanze kumsemesha. Tangu arusi yetu hakuwa amenisemesha hata neno. Mara mbili tulipita msituni kwa miguu mpaka Itebero kumsalimia. Akanipa chakula kizuri, akaongea na mwanawe, mimi akaniangalia tu. Alitaka mkwe wa msituni anayejua njia zao, si binti wa watu wa milima ya Masisi aliyekulia kambi ya wakimbizi, nchi ya wengine. Nililia njia nzima ya kurudi, Bahati ananifuta machozi kwa shati lake.

Sasa sikia! Shule ya Bahati ilipangiwa mechi na shule ya Itebero, hapa Mubi. Mkuu wa shule akaniomba niwafundishe wasichana kushangilia, kwa kuwa nilisoma Uganda. Unakumbuka kule: kila bweni na rangi yake, tumesimama kwenye mstari, mwalimu na fimbo, na ole wake anayekanyaga chokaa ya kiwanja. Nikawaeleza hayo, wakasema hiyo ni kama misa. Wao walikuwa wameona kwenye simu wasichana wa shule za Amerika, wenye sketi zinazong'aa, wakirushana hewani na kudakana.

"Madame, tumurushe Chantal! Iko mwepesi!"

"Hakuna muntu atarushwa hapa."

"Hata kidogo, Madame? Mpaka kwa mabega tu?"

"Na mama ya Chantal nitamwambia nini?"

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wasichana wale wa Amerika wanaupa mchezo mgongo, wanawaangalia watazamaji! Chantal akauliza, "Sasa goli ikiingia, watajua namna gani?" Tukacheka mpaka tukakaa chini. Basi tukachanganya: mistari ya Uganda, madaha ya Amerika, na bidoni tupu za mafuta za hapa Mubi, yale madumu makubwa, kuwa ngoma. Wimbo nikawapa ule uliotufundisha wewe, wa shule yako ya zamani kule Kitshanga, Masisi.

Siku ya mechi, hata madereva wa malori walisimama kutazama. Watu wa Itebero walifika kwa miguu, akina mama wao wameshika matawi, wanaimba. Na aliyetangulia mbele yao akicheza, nani? Mama mkwe! Bahati akaninong'oneza, "Jifiche nyuma ya bidoni, mpenzi." Nikajificha.

Hapa watu hawabaki nyuma ya chokaa, Mama. Itebero walipofunga, akina mama waliingia kiwanjani, wakamtandikia mfungaji vikwembe walivyojifunga, atembee juu, wakampepea kama chifu. Arbitre alipiga filimbi hadi akachoka. Kisha sisi tukasawazisha, na mimi nikasahau kila kitu! Nikapanda juu ya bidoni, nikageukia upande wa Itebero, nikaimba kwa sauti yangu yote:

"Mmekuja na miguu ya kuazima,
kesho muirudishe kwa wenyewe!"

Ndipo nikaona kwamba kidole changu kimemnyookea mama mkwe.

Yeye akajifunga upya kikwembe kiunoni, akaanza kuvuka kiwanja huku mpira unachezwa, wachezaji wakampisha. Bahati akakimbia kutoka upande wa pili, akachelewa.

"Ni weye uliimba?"

Nikaitikia kwa kichwa tu.

"Ni nani alikufundishaka ule wimbo?"

Mama, alikuwa amenisemesha! Nikajibu, "Ni mama yangu, Mama."

"Ule mama wa Masisi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mm. Mama yako iko na kinywa."

Akawageukia akina mama wa Itebero, akainua mkono, akaimba, kiuno kinaenda:

"Miguu tutarudisha,
bibi arusi haturudishi!"

Wakaitikia kiwanja kizima! Hata wale wasichana wangu wasaliti waliwapigia bidoni! Nililia na kucheka pamoja. Alinishika mkono, hakuniachia mpaka mwisho. Bahati anasema Itebero walishinda. Mimi hata sikuona.

Mpe Papa salamu zangu, na dada yangu mkubwa aliyenisuka nywele za arusi, na mjomba fundi wa baiskeli, na mama jirani anayekuchotea maji.

Mama mkwe anangoja jibu lako kwa wimbo wake. Nilimwambia utaliandika kwenye barua, akakataa kabisa: "Wimbo haiandikwake. Akuje aimbie hapa."

Mwanao, mke wa Bahati,
Solange