Magoti Yaliyokataa

Jumatatu, 3 Juni
Tumefanya yoga tena kabla ya chai. Mkeka sebuleni, mlango wazi mwanga uingie. Mama ameshika ukuta, mimi nimeshika simu. Mwalimu wa yoga kwenye video ni mama wa Kihindi, anasema Kiingereza, nami natafsiri: vuta pumzi. Mama anavuta mpaka anakohoa. Yoga niliianza kwa ajili ya mgongo wangu. Miaka kumi na tano ya cherehani pale Omurushaka si mchezo. Niliporudi nyumbani Ihembe kumuuguza Mama, nikaja nayo. Daktari alisema magoti yamesagika, ayachezeshe taratibu. Baadaye namkanda kwa maji moto na samli. Leo ameshuka mpaka usawa wa kigoda. Jana hakufika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejua kwa nini anajikaza hivi. Ni Shangazi wa Kamuli, dada yake marehemu Baba. Kwenye matanga, Mama alimsalimia amesimama. Huku kwetu wifi mkubwa hasalimiwi hivyo, hupigiwa magoti. Shangazi akasema mbele za watu kwamba mjane ameota mapembe. Miaka miwili hajakanyaga hapa. Na Mama hakujitetea. Aliona aibu kulalamikia magoti siku ya kumzika mumewe. Nimemkasirikia Mama, halafu nimemhurumia. Anataka ampigie magoti Shangazi mara moja tu, yaishe.

Jumapili, 9 Juni
Mwinjilisti ametuita baada ya ibada. Kasikia tunaabudu jua. Ndiyo faida ya kuacha mlango wazi. Nimemweleza kwamba kwa Wahindi wengi ni ibada kweli, siwezi kudanganya, ila sisi tunanyoosha viungo. Hakuridhika. Mama akamwambia, "Mimi pale chini nasema Baba Yetu. Video haijanikataza." Baadaye Mwinjilisti kaniuliza pembeni kama inasaidia kiuno.

Ijumaa, 14 Juni
Mama ameniagiza nimwalike Shangazi. Niseme tumemkumbuka, basi, nisitaje magoti. Nimepiga simu. Shangazi atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mama anacheka.

Jumanne, 18 Juni
Nimefanya upumbavu. Mama alikuwa amebakiza kidogo kufika chini, nikamkandamiza mabega. Amelia. Hata matangani sikumwona akilia hivi. Goti limevimba. Zahanati wamesema apumzike, hakuna mazoezi mpaka uvimbe uishe. Mkeka nimeuficha nyuma ya magunia ya kahawa. Ameniambia tu kwamba haraka haraka haina baraka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo limeniuma.

Jumamosi, 22 Juni
Shangazi amekuja. Anatembelea fimbo siku hizi. Nilikuwa nimetandika nyasi mbichi sebuleni kama zamani, mkeka juu yake. Uvimbe umepungua, haujaisha. Mama akanyanyuka kitini. Nikamwomba kwa macho asithubutu. Akashika ukuta, akavuta pumzi kama anavyofanya kila asubuhi, akashuka. Goti moja. Kisha la pili.

"Wifi, waitu, nimechelewa," alisema, na 'waitu' kwetu ni neno la heshima. "Magoti ndiyo yalikataa. Si mimi."

Mama akajaribu kuinuka, akashindwa. Nilipotaka kumkimbilia, Shangazi akanizuia kwa mkono. Akalaza fimbo sakafuni, akaanza kushuka mwenyewe, taratibu, akiguna, mpaka akakaa mkekani mbele ya Mama.

"Ungeniambia," alisema. "Yangu nayo yamekwisha."

Walishikana mikono wakalia. Mimi pia. Halafu ikabidi niwainue, mmoja mmoja.

Jumapili, 23 Juni
Shangazi amelala hapa. Asubuhi nimewakuta mkekani wamenyoosha miguu, simu imezimwa, wanavuta pumzi na kusimuliana habari za Baba. Goti la Mama limefungwa kitambaa. Kopo la samli liko kwa Shangazi. Nilimpigia magoti nikamwamkia, nikaona hakuna haja ya kuinuka. Nikakaa nao. Chai imechelewa.