Mchezo Ulioniwekea Kwenye Simu

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba, mwanangu. Huku Lushoto sote wazima, na shangazi yako amejifungua binti.

Unauliza mchezo wako nimeuonaje. Nimeupenda mno! Nimekuwa mpiganaji mwenye upanga, najichagulia pa kwenda na la kusema, na milima yake ina ukungu kama yetu. Ila huyo mpiganaji anaingia nyumba za watu bila hodi! Kasoro kubwa zaidi, ukikosea njia unarudi nyuma na kuchagua upya.

Nilipokuwa msichana nilitumwa Magoma na kapu la matunda. Ukungu ukanikuta njia panda, nikashika njia siyo. Nikatokea uani kwa watu nisiowajua, nalia. Kijana mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi akainuka.

"Dada, Magoma umeipa mgongo," akasema huku anacheka. Akajitwisha kapu langu, akanisindikiza mpaka barabarani.

Ndiye babu yako. Sasa hivi anachungulia barua hii, anadai mimi ndiye niliyemfuata. Siku ile nilivyoogopa, ningepewa nafasi ya kurudi njia panda, ningerudi mbio. Wewe leo ungekuwa wapi?

Cheza, lakini ule kwanza.

Bibi yako