Faili la Vumbi

Tarehe 6 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na miguu imeacha kuvimba. Mimi huku mzima wa afya. Kazi ni ile ile, nasafisha sauti za watu wanaotangaza sabuni na magodoro.

Najua hutaki tena kushika simu tangu ile iliyokupa habari ya Chiriku, ndiyo maana nimekaa na kalamu. Nivumilie mwandiko.

Nina ombi. Zile nyimbo kumi alizorekodi huyo mdogo wangu alipokuwa akiishi kwangu nimezimaliza. Zimelala kwenye kompyuta tangu tumzike Novemba, na kila nikiiwasha naona jina lake. Kuna duka kwenye mtandao linalouza muziki bila kupanga bei. Mtu anasikiliza, akipenda anaandika mwenyewe kiasi anachotaka kulipa, anauchukua wimbo, na akitaka anaacha ujumbe. Nataka nusu iende kwenye ile wodi ya kifua alikolazwa, maana ulijionea jinsi wagonjwa wanavyopokezana mtungi mmoja wa oksijeni. Nusu ni yako. Mimi sichukui hata senti.

Ila wewe ndiye mama yake. Ukikataa, nazifungia na sitakuuliza tena.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nashukuru. Mimi sijambo kidogo, miguu inavimba inapojisikia. Asubuhi nashona sare za shule, mchana nalala kama mgonjwa.

Hilo duka lako nimelisoma mara tatu na bado haliniingii. Nimekaa kwenye cherehani miaka thelathini. Mteja akiniambia "mama, nitakulipa ninachotaka," namrudishia kitambaa chake na mlango namwonyesha. Na asiyetaka kulipa kitu je? Anaandika sifuri anaondoka na mwanangu mfukoni?

Lakini yule muuguzi wa wodi ya kifua, yule mnene mcheshi aliyekuwa akimsuka Chiriku nywele siku za mwisho, bado anapita kunijulia hali. Nilimsimulia habari yako. Akacheka kwanza, kisha akaniambia wiki iliyopita walikuwa na wagonjwa watatu na mtungi mmoja, ikabidi wachague. Sikumuuliza walimchagua nani. Basi uza.

Daktari alisema angeletwa mapema angepona. Neno hilo linaamka nami na kulala nami. Alikuja nyumbani mwezi wa kumi, sketi niliyomshonea mwenyewe ikawa inamdondoka kiunoni. Ningejuaje, nami nilikuwa simwoni?

Nitumie nyimbo kwenye flashi, redio yangu inazisoma. Na wewe, afya yako kweli nzuri? Uwe unakula.

Mama yako


Tarehe 20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za miguu? Mimi mzima wa afya, ila mafua kidogo. Ni vumbi la studio tu. Kuta tumezibandika magodoro, hewa haina pa kupitia.

Nyimbo zimeanza kwenda, mama! Mtu mmoja wa nchi ya mbali ameandika kwamba haelewi hata neno moja, lakini amelia. Fundi baiskeli mmoja analipia wimbo ule ule wa tatu kila Ijumaa, anasema wiki ikimpa kitu lazima naye ampe Chiriku. Wa sifuri wapo, sikufichi. Mmoja ameandika kwamba mfuko wake mtupu lakini atamwombea. Wengine wamechukua bila hata asante.

Mwanzoni utasikia sauti yangu. Nimeeleza kwa ufupi marehemu dada yangu alikuwa nani na fedha zinakwenda wapi. Nimesafisha kila kitu, hutasikia mkwaruzo hata mmoja. Flashi nimeiviringisha ndani ya soksi. Soksi ni safi, usinicheke.

Mwanao


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Siku flashi ilipofika nilifunga mlango, nikaweka redio juu ya cherehani, nikakaa. Wimbo wa kwanza nililia. Wa pili nikakaa vizuri. Wa tatu nikaanza kushangaa, maana Chiriku anaimba ubeti mzima hapumui. Mtoto yule tangu ameanza kusema alikuwa akivuta pumzi utadhani anataka kupiga mbizi, ndipo aanze kelele zake, na ndiyo maana tukamwita Chiriku, kama yule ndege wa kelele. Nikajisemea, mwanangu amemtoa mwenzake pumzi, labda ndivyo kazi yao inavyotaka.

Wimbo wa kumi ukaisha. Redio haikunyamaza.

Ikaja sauti yako: "Tarehe kumi na tisa Februari, wimbo wa tatu, mara ya sita." Halafu kikohozi. Halafu tarehe nyingine, halafu kikohozi. Machi. Mei. Julai. Vikohozi vitupu, vimepangwa mstari mmoja kama vifungo. Sikuinuka. Tarehe nane Agosti mwanangu anasema, "Kaka, kifua kinaniuma, twende hospitali." Na wewe unamjibu, "Maliza ubeti huu, tutakwenda kesho."

Agosti! Mimi nililetewa mwezi wa kumi. Na daktari aliposema "mngemleta mapema" ulisimama ubavuni mwangu, ukanishika bega, ukatikisa kichwa kwa huzuni pamoja nami.

Nilinyoosha mkono niitupe redio ukutani. Lakini ilikuwa haijamaliza. Mwisho kabisa nikasikia: "Tarehe mbili Aprili, utangulizi, mara ya kwanza." Kikohozi. "Mara ya pili." Kikohozi, cha chini, kirefu, kile kile.

Tarehe mbili Aprili Chiriku alikuwa na karibu miezi mitano kaburini. Nani alikuwa anakohoa?

Mama


Tarehe 2 Julai

Mama,

Shikamoo, kama bado unaniitikia.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Ulichosikia hakikuwa cha kukufikia. Katika kazi yetu hatutupi kipande. Kabla ya kurekodi nasema tarehe, wimbo na mara ya ngapi, na kila ninachokata nakiweka kwenye faili lake, endapo kitahitajika. Faili hilo naliita Vumbi. Nilipokujazia flashi nilinakili kabati zima badala ya droo moja.

Lakini sitajificha nyuma ya kosa la mkono. Ulichosikia ni kweli, na si chote. Aliniomba twende hospitali mara tatu. Wewe umesikia moja.

Nilikuwa nimemwahidi mnunuzi mmoja, aliyejitoa baadaye, nyimbo kumi kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Kikohozi cha Chiriku kiliingia masikioni mwangu zaidi kuliko kwa mtu yeyote duniani, mama. Nilikijua kama ninavyoujua mlio wa mlango wetu. Nilisikia kinavyoshuka, kinavyozidi kuwa cha majimaji. Nikampa asali, nikampa maji ya moto, nikamwambia ageuze uso asikohoe kwenye maikrofoni. Nikamwambia ni vumbi. Kesho yangu ile ikawa wiki tisa. Nilimuua kwa kazi, na msibani nikapokea pole za watu.

Ukitaka nizifunge nyimbo, nitazifunga leo. Duka limekwisha tuma fedha wodini mara mbili, muuguzi atakuwa amekwambia. Nikizifunga hilo linakatika. Au nirudishe pumzi zake na vikohozi vyake, niandike chini kwamba mimi kaka yake nilivisikia nikavikata. Sema wewe.

Hicho kikohozi changu ni mafua tu. Mimi mzima wa afya.

Mwanao


Tarehe 13 Julai

Mwanangu,

Marahaba leo sina. Niiache kwanza.

Muuguzi amekuja. Mtungi wa pili umefika, na sasa wanasubiri mashine ya kupima makohozi. Alinishika mikono akinishukuru, nikashindwa pa kutazama. Kisha nikamwekea ile sehemu ya mwisho, ya Aprili, nisimwambie ni nani. Alisikiliza kichwa ameinamisha. Akasema, "Huyu yuko wapi? Mwambie aende leo."

Usizifunge. Rudisha pumzi zake zote. Rudisha vikohozi, na lile neno "kesho" liache palepale ulipolisema. Andika chini ulichofanya, kwa Kiswahili cha kueleweka. Watu walipe wanachotaka wakiwa wanajua.

Ila na mimi nina bei yangu. Si umesema kwenye duka hilo kila mtu anajipangia? Sitaki pole yako wala magoti yako. Nataka karatasi ya daktari, yenye mhuri, ya kifua chako. Mpaka niishike mkononi, sijatoa ruhusa ya kuziachia hivyo na sikuandikii tena. Na usinijibu "mzima wa afya." Maneno hayo umeyavaa mpaka yametoboka.

Sisemi nimekusamehe. Nasema nimebakiwa na mtoto mmoja.

Mama yako


Tarehe 29 Agosti

Mama,

Karatasi nimeikunja humu ndani. Mhuri utauona.

Nimechelewa kwa sababu nilifika mlangoni pa hospitali mara mbili nikageuka. Mara ya tatu nilikohoa nikiwa kwenye foleni, kile kitambaa ulichonipindia kingo kikawa chekundu, na mzee aliyekuwa mbele yangu akanipisha. Niliona aibu kugeuka.

Ni ugonjwa ule ule. Pafu la kushoto limekwisha liwa upande, la kulia limeanza. Daktari akaniuliza nakohoa tangu lini. Wagonjwa wengi hawakumbuki, mimi nilimpa tarehe, maana zote ninazo kwenye faili. Desemba, wiki tatu baada ya mazishi. Aliandika, kisha akaipigia mstari. Wanahofia ni ule sugu, usiosikia vidonge vya kawaida. Wamenilaza, chumba cha peke yangu, mlango wa kioo.

Kabla ya kulazwa nilizirudisha nyimbo kama ulivyosema, ila sijaziachia, nangoja neno lako. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Sijawahi kumrudishia mtu pumzi, siku zote nimekuwa wa kuzitoa. Anavyovuta ile ya kwanza, mama, kabla ya ubeti, utadhani yuko mlangoni anataka kukuambia kitu.

Naogopa.

Shikamoo.

Mwanao


Tarehe 4 Septemba

Mwanangu,

Marahaba.

Karatasi nimeipokea, nimeishika mkononi, bei yangu imelipwa. Ziachie nyimbo. Watakutukana, na matusi yao uyaache yasomeke.

Muuguzi amenisomea karatasi hiyo mara mbili, mara ya pili polepole. Nilimuuliza kama utapona. Hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. Akasema wapo wanaopona.

Cherehani nimeifunika. Nakuja na basi la Jumatatu. Najua hawataniruhusu kuingia, basi nitakaa nje ya hicho kioo.

Hapa chini nimekuachia nafasi. Kila siku andika tarehe, kisha andika umekohoa mara ngapi. Jioni mtu wa zamu aniletee karatasi niisome, kisha akurudishie.

Usisafishe hata kimoja.

Mama yako


Tarehe 9 Septemba. Mara arobaini na moja.

Tarehe 10 Septemba. Mara arobaini na nne. Nimekuona.

Tarehe 11 Septemba. Mara hamsini na mbili. Umesimama kwenye kioo tangu asubuhi. Omba kiti, mama. Miguu itavimba.