Nilichagua Kundi la Pole

Jumamosi, Julai 2008. Machakos.

Baridi ya kuuma masikio, manyunyu tangu asubuhi, na mimi nina hasira. Shajara, leo usinidai adabu.

Kila mwaka nawapeleka watoto wangu wa darasa la saba kwenye vilima vya Iveti, waone kwa macho yao yale wanayochora kwenye ramani. Tangu pikapi iliponigonga mwaka juzi, mguu wangu wa kulia una chuma ndani na natembea na mkongojo. Mwalimu mkuu ameniambia waziwazi: nikishindwa kupanda, ziara ya mwaka huu na ya miaka yote inakwenda kwa Mutiso. Mutiso anafundisha darasa la sita na ana miguu miwili mizima. Hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Kwa hiyo leo nimekwenda kuijaribu njia kabla ya watoto, kwenye matembezi ya kuongozwa, pamoja na wafanyakazi saba wa kiwanda waliotoka Athi River.

Wenye matembezi hayo wana fomu. Unaweka alama: Haraka, Kawaida, au Pole. Niliweka Pole. Juu ya hayo nikapiga na simu, nikauliza kama kuna ngazi. Mwongozaji, jina lake Kimeu, akasema hakuna ngazi hata moja, ni hapo tu.

Kweli, ngazi hakuna. Kuna mawe.

Neno la Kiingereza la mwongozaji, "guide", likipita kwenye ndimi zetu za huku hutoka "gaidi", na leo sikuona haja ya kulirekebisha. Kimeu ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye miguu ya mbuzi, na kwake kila kitu ni hapo tu. Nimejifunza pia maana ya Pole. Pole ni mwendo, si njia. Tulipitishwa mawe yale yale ya wenye haraka, mtaro ule ule wa kuruka, ila sisi tuliyapita tukiambiwa pole. Pole mwalimu. Pole sana mwalimu. Dada mmoja wa kiwandani alinipa pole nyingi mpaka nikatamani ateleze yeye, nimrudishie zake.

Chini ya mwamba mkubwa Kimeu akasimama, akautazama mkongojo wangu kama ndiyo kwanza anauona.

"Mwalimu, wewe kaa hapa utulindie mabegi. Sisi tunarudi saa hii tu."

Wakayarundika miguuni pangu, wakaenda.

Nilitaka kumtukana. Tusi lilikuwa tayari mdomoni. Halikutoka, kwa sababu maneno yale niliyajua.

Ni yangu.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa bado na miguu yangu, nilikuwa na msichana darasani anaitwa Mbithe, aliyezaliwa na nyonga mbaya. Tulipofika chini ya kilima nilimwambia, "Mbithe, wewe kaa kwenye basi utulindie mabegi." Nilisema kwa sauti nzuri. Nilimpa hata biskuti. Nilipanda nikijiona mwalimu mwenye huruma, na sikumfikiria tena mpaka tuliposhuka.

Basi nikakaa juu ya jiwe bichi, nikijichukia mimi na kumchukia Kimeu. Chuki ilitutosha wote wawili.

Na niseme lingine, maana hapa sina wa kumdanganya. Kwenye simu Kimeu aliniuliza kama nina shida yoyote. Nikamjibu hapana, nauliza tu. Niliona haya kuutaja mkongojo. Lakini asubuhi aliuona kwa macho yake, kwa hiyo asinitupie mzigo wote.

Ndipo akapita mama mmoja na punda wawili wenye mitungi ya maji, wakipanda. Hawakuja kwenye mawe. Walikata kushoto, nyuma ya mikaratusi.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita akina mama wa rika lake hapa kwetu, "huko kunafika juu?"

"Kunafika. Ni mbali kidogo, lakini punda akiwa na maji hawezi ruka mawe. Atamwaga." Akauangalia mguu wangu. Hakusema pole. "Huo unakunja?"

"Kidogo."

"Iko na shida ukipanda ama ukishuka?"

"Nikishuka."

"Basi ukirudi pitia pale wanachimba mchanga, kule kwingine kunateleza. Na kuna gogo mimi hupumzisha punda hapo. Wewe pia kaa."

Maswali mawili tu. Fomu nzima ile haikuwa na hata moja.

Mabegi niliyaachia Mungu. Nikafuata mikia ya punda kwa saa moja na zaidi, kwenye njia pana ya udongo inayozunguka kilima bila papara. Kwenye gogo nilikaa. Goti liliuma, lakini kwa kiasi ninachokijua. Nilipotokea juu, Kimeu na wenzake walikuwa wanapigana picha.

"Mwalimu! Na mabegi?"

Nikamwambia yako pale pale alipoyaweka. Jinsi alivyoshuka mbio ilinipa raha ambayo kesho kanisani sitaitubu.

Niliporudi mjini nilimpigia simu mwalimu mkuu. Nikamwambia nimefika juu, na darasa lote litapitia njia ya punda. Akasema ni ndefu mno, afadhali wepesi wapande mawe na Mutiso, na wasioweza wabaki kwenye basi.

"Mwalimu mkuu, ni kundi moja," nikasema. "Na mbele natembea mimi."

Akasema sawa, niende, lakini nimwandikie barua. Huyu bwana hata akikubali lazima akuchoshe.

Nimepata nilichokitaka. Nipo hapa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, naichapa hiyo barua; nguo bado zina harufu ya punda, na furaha siioni.

Mbithe sasa yuko sekondari, huko Kangundo. Tukikutana sokoni huacha kila kitu na kunisalimia kwa mikono miwili, na mimi humuuliza habari za masomo. Wiki ijayo nitamtafuta. Sijui nitamwanzia wapi.

Kabla ya kuachana na yule mama nilimuuliza njia ile ameipita kwa muda gani.

"Tangu niolewe," akasema, na ni mtu mwenye wajukuu.

Kwa hiyo hata siku ile Mbithe alipokuwa kwenye basi, njia ilikuwepo na punda walikuwa wanapita.

Sikuuliza.